Ratiba ya Watu Ishirini na Sita

Ujumbe wa Kitinda ulimfikia Dada siku tatu baada ya viza kutoka. Alikuwa ofisini, mbele ya kompyuta, anapanga siku ya nne ya ziara: asubuhi ngome kongwe, mchana boti ya mtoni, jioni mazoezi ukumbini. Aliibana simu sikioni ili mwenzake wa meza ya pili asisikie.

"Dada, shikamoo. Nakwambia wewe tu, na Mama anajua. Mimi nikifika huko sirudi. Usiniulize sana, tutaongea nikija. Na tafadhali, usimwambie Mwalimu."

Aliusikiliza mara nne, kama mtu anayetafuta neno aliloliruka. Halafu akaiweka simu kifudifudi mezani na kuendelea kuandika. Aliandika "boti ya mtoni" mara mbili, akafuta moja.

Kwao alikuwa mtoto wa kwanza, na tangu wadogo zake waanze kusema hakuna aliyemwita kwa jina. Hata ofisini, baada ya kumsikia akiitwa Dada kwenye simu kila siku, walidhani ndilo jina lake na yeye hakuwasahihisha. Kitinda alikuwa wa mwisho, kitindamimba, na jina likamganda. Dada alipoondoka nyumbani, mtoto huyo alikuwa na miaka kumi na minne, sauti inamkatika katikati ya neno, anasimama safu ya nyuma ya kwaya akifungua mdomo bila kutoa kitu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa maelezo ya Mama, akiimba besi vikombe vinatikisika kabatini.

Safari ile ilikuwa wazo la Dada mwenyewe, na hilo ndilo lililomkaba zaidi. Kampuni yake ilipokea vikundi vya muziki kutoka nje: kwaya, bendi za matarumbeta, wapiga fidla wa shule. Wanakuja siku saba, wanatumbuiza mara mbili, wanatembezwa, wanapiga picha, wanarudi kwao. Kazi yake ilikuwa kupanga yote hayo, kuanzia kumbi na mabasi hadi nani alale na nani na nani asilale na nani kwa sababu ya kukoroma. Ofisini alikuwa mpangaji wa safari, nyumbani mpangaji wa chumba. Wenzake walimtania kwamba alizaliwa kupanga tu.

Miezi saba alimbembeleza Meneja aialike kwaya ya kwao, kwaya aliyoimbia sauti ya pili tangu akiwa msichana. Meneja, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, hatimaye alikubali. Ubalozi ulitaka barua ya udhamini: kwamba kundi lote la watu ishirini na sita litaondoka siku lililopangiwa. Meneja alitia saini juu, akamsogezea Dada kalamu atie chini.

"Hawa ni watu wako," alisema. "Mimi siwajui. Mmoja akibaki, mwezi ujao sitaweza kukuandikia barua ya kibali. Si kwamba sikupendi."

Kibali chenyewe kilihuishwa kila mwaka kwa barua ya mwajiri. Kilimruhusu kukaa na kufanya kazi ile tu. Hakikumruhusu kutoka nje ya nchi akarudi. Ndiyo maana kwa miaka tisa hakuwahi kukanyaga kwao, na Baba alipofariki alimzika kupitia simu, amejifungia choo cha ofisini, maji yakibubujika ili kilio chake kisisikike.

Jioni hiyo alimpigia Mama.

"Mama, huyu mtoto mwambie asinifanyie hivi."

"Mtoto gani? Ana ndevu."

"Nimetia saini, Mama. Jina langu liko pale."

"Ulipokwenda wewe, nani alikuzuia? Tulikuombea na kukufungia mizigo. Sasa na mwenzako anataka kupumua, unamwekea kidole puani." Mama alishusha sauti. "Mwanangu, una nafasi. Nyumba yote ile tumeiona. Mtoto mmoja atakosa pa kulala?"

Nyumba waliyoiona ilikuwa ukumbi wa hoteli ambako Dada alipokelea wageni. Kulikuwa na ngazi za marumaru, zulia jekundu, chemchemi uani. Alikuwa akipigwa picha pale kila kundi lilipokuja, na picha alizituma nyumbani. Hakuwahi kusema ni kwake. Wao walisema, na yeye akaacha. Sasa angeanza wapi kukanusha, baada ya miaka tisa ya kusifiwa mapazia?

Akakata shauri kuipanga upya ratiba. Alifuta mchana wa mapumziko siku ya tano. Alifuta soko la zawadi za kumbukumbu, kwa sababu lilipakana na stesheni ya treni. Alibadilisha hoteli yenye milango mitatu akachukua yenye mmoja. Kila nafasi ambayo mtu angeweza kupenya aliijaza makumbusho. Alipomaliza, ratiba ilikuwa imeshonwa kama gunia.

Alimpigia Mwalimu wa kwaya, mzee aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika sauti asiburutwe na wenzake. Hakumtaja Kitinda. Alimwomba tu akusanye pasipoti zote kundi likitua, azitunze mwenyewe.

"Hilo niachie mimi," Mwalimu alisema bila kusita. "Nitazibeba kwenye mkoba wangu, usiku nalala nazo. Wewe nitumie ratiba kamili, na saa za basi, nizipitie."

Dada alishukuru kumpata mtu mzima mmoja wa kumwegemea.

Walitua asubuhi yenye mawingu. Walitoka mlangoni kwa mafungu, wamevaa makoti yanayofanana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Dada alikuwa ameshika bango la kampuni. Alimtafuta mtoto wa miaka kumi na minne, na jitu likaja likambeba na bango lake.

"Umepungua, Dada," Kitinda alisema akimshusha.

"Wewe umeongezeka."

Alicheka na machozi yakamtoka, na wakati bado anajifuta alijikuta anahesabu vichwa nyuma ya bega la mdogo wake. Ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na sita.

Tangu hapo hakuacha kuhesabu. Meneja aliagiza wahesabiwe kila wanaposhuka na kila wanapopanda, na Dada aliongeza zake katikati. Walipotazama michoro kwenye makumbusho, yeye alitazama milango. Kwenye ngome kongwe, mwongozaji alieleza wafungwa walivyofungwa minyororo chini kule, kwenye giza, na Bi Soprano, mama wa miaka sitini na kitu aliyekuwa akipiga picha hata mapipa ya taka, akainua mkono.

"Samahani, hao wafungwa nao walikuwa wanahesabiwa mara ngapi kwa siku?"

Kwaya nzima iliangua kicheko. Dada alicheka nao, uso unawaka.

"Mwanangu," Bi Soprano alimwambia baadaye kwenye basi, kwa upole, "jana nimekwenda msalani, umenisubiri mlangoni. Mimi nina goti bovu. Unadhani nitatoroka na nani?"

"Ni utaratibu wa kampuni, mama."

"Basi utaratibu wenu umetubana. Nimesafiri masaa kumi na moja, sijaingia hata duka moja la nguo."

Mwalimu ndiye aliyemtetea. Alisimama mbele ya basi, mkoba wa pasipoti umening'inia kifuani, akasema kwamba Dada anafanya kazi yake na atakayemsumbua ataimba peke yake mbele ya watu. Wakanyamaza.

Siku nzima ya tatu Kitinda alikuwa anamkwepa dada yake, anakaa kiti cha nyuma kabisa, kichwa kwenye kioo, anatazama mitaa inavyopita. Siku ya nne, kwenye boti, Dada alimfuata ukingoni.

"Umepanga nini?" akamuuliza.

"Kuna jamaa tulisoma naye. Yuko mji wa pili. Ni treni moja tu."

"Ukishuka hiyo treni?"

"Nitaanza, kama ulivyoanza wewe." Hakumtazama. "Unajua kinachoniuma? Sikukuomba unilishe. Nilidhani utafurahi. Kumbe ulishaingia ndani ukafunga mlango."

Nyuma yao watu walikuwa wanapigana picha na madaraja. "Kesho baada ya chai," Dada alisema, "utakuja na mimi mahali. Nusu saa. Hapamo kwenye ratiba."

Kwa Mwalimu aliaga kwamba anampeleka Kitinda duka la dawa. Walitembea mitaa sita, wakaingia jengo la rangi ya majivu, wakateremka ngazi badala ya kupanda. Dada alifungua mlango ambao haukufunguka mpaka mwisho, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kitanda. Ndani mlikuwa na kitanda hicho, jiko la umeme la sahani moja juu ya kabati, kamba ya nguo, na dirisha lililoonyesha viatu vya watu wanaopita barabarani. Kitinda alibaki mlangoni. Mabega yake yaligusa miimo yote miwili.

"Hapa ndipo unapoweka vitu vyako?"

"Hapa ndipo ninapokaa."

Aligeuza macho, taratibu, kama anatafuta chumba kingine. "Na choo?"

"Mwisho wa korido. Tunatumia watu tisa."

"Na zile ngazi? Zulia?"

"Kazini."

Kitinda alikaa kitandani, na kitanda kikalia. Nje, viatu vyekundu vya kike vilisimama dirishani, vikaendelea. Dada alingoja aseme kwamba ameelewa, kwamba atarudi nyumbani.

"Hata hiki nakitaka," Kitinda akasema.

"Nini?"

"Chumba hiki. Hata kidogo kuliko hiki. Dada, kule nalala sebuleni kwa Mama, nimemaliza chuo mwaka wa pili huu, naamka nafagia, nangoja mazoezi ya kwaya kama mtoto. Unanionyesha hapa ili niogope? Mimi naona kitasa, naona ufunguo wako mwenyewe."

Dada alimweleza habari ya barua, saini na kibali, maneno ya Meneja jinsi alivyoyasema. Alieleza bila kulia, kama anavyowaeleza wageni saa za kifungua kinywa.

Kitinda alivuta kamba ya nguo, akaiachia. "Kwa hiyo nikibaki mimi, unatoka wewe."

"Ndiyo."

"Na nikirudi, unabaki humu."

"Ndiyo."

"Mwenzangu, hapo tumefungwa wote wawili. Tofauti ni upande wa mlango tu." Akasimama, akainamisha kichwa chini ya dari. "Twende. Watasema dawa gani hizo."

Hakusema atafanya nini, na Dada hakuthubutu kumuuliza.

Tamasha la mwisho lilikuwa siku ya sita, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa manispaa wenye viti mia nne. Vilijaa. Dada alisimama kando ya pazia, mahali panapoonekana safu zote tatu pamoja na milango ya nyuma. Wimbo wa tatu ulikuwa ule waliouimba tangu yeye mdogo, na mwili wake ukaukumbuka kabla ya akili. Sauti ya pili ilimpanda kooni, akaimba chini chini, peke yake pale kando. Chini ya sauti zote akaisikia ya Kitinda, nzito, imetulia, inawabeba wengine. Mwalimu alikuwa anaongoza kwa mikono miwili, koti limempanda mabegani, na alipowashusha kwenye noti ya mwisho aliwashikilia hapo muda mrefu kuliko kawaida, anawatazama mmoja mmoja. Watu walisimama kupiga makofi. Kwa dakika zile zote Dada hakuhesabu mtu.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, basi lilikuwa mlangoni na mizigo imepakiwa. Dada alipanda, akahesabu kutoka mbele. Ishirini na tano. Akarudia kutoka nyuma. Ishirini na tano.

Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma. Kitinda alikuwa pale. Aliinua mkono, kama mwanafunzi, bila tabasamu.

"Nani hayupo?" Dada aliuliza.

Walitazamana. Bi Soprano ndiye aliyegeukia kiti cha mbele, kile cha karibu na dereva, kilichokuwa kitupu.

"Mwalimu," alisema. "Labda anamalizia kuvaa."

Chumba cha Mwalimu hakikuwa kimefungwa. Kitanda kilitandikwa vizuri. Juu yake palikuwa na ule mkoba, na ndani yake pasipoti ishirini na tano zimefungwa kwa mpira, pamoja na orodha ya kundi. Mbele ya kila jina aliweka alama ya vyema kwa wino wa bluu, kama alivyokuwa akiweka kwenye daftari la mahudhurio. Mbele ya jina lake hakuweka kitu. Mtu wa mapokezi alisema alimwona mzee akitoka alfajiri na begi dogo. Alimsalimia vizuri sana, akashukuru kwa huduma.

Dada alikaa kitandani na orodha mapajani. Siku sita alikuwa anamlinda mdogo wake, kumbe ratiba kamili, na saa za basi, na kila mlango, alikuwa amemkabidhi Mwalimu kwa mkono wake mwenyewe.

Meneja alipopigiwa simu, hakupiga kelele. Alisema, "Wapeleke hao waliobaki wasikose ndege. Halafu uje ofisini."

Kwenye uwanja wa ndege kwaya ilisimama kama watoto waliopotezwa sokoni. Wengine walilia, wengine walimlaani Mwalimu, mmoja akasema hata wao wangejua wangemuaga vizuri. Bi Soprano aliwapanga mstari kwa sauti yake kali, wanawake wa alto mbele, wanaume nyuma wabebe mizigo. Dada alipita akimpa kila mtu pasipoti yake. Ya Kitinda ilikuwa ya mwisho.

Kitinda alimvuta pembeni, karibu na mashine ya kahawa.

"Dada. Mambo yameshaharibika. Mmoja au wawili, si kosa ni lile lile? Meneja wako ameshakasirika. Stesheni iko hapo chini, nimeona kibao."

Ilikuwa kweli. Dada alilifikiria, akalipindua, hakuona kasoro. Alikuwa ameshika pasipoti ya mdogo wake kwa mikono miwili, ikamjia kwamba kwa siku saba hajamwuliza hata kama anakula vizuri, kama ana mchumba, kama bado anaogopa radi. Akamwekea pasipoti mkononi, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Mimi sitakuhesabu tena," alisema. "Amua mwenyewe. Ukibaki, sitakuficha na sitakusema. Ukienda, sitakushukuru."

Kitinda alisimama. Aliangalia kibao cha stesheni, akaangalia mstari. Kule mbele Bi Soprano alikuwa anahangaika na sanduku lililozidi uzito, nguo zimetapakaa sakafuni, goti limegoma kuinama, anaita, "Wanaume wote wamekwenda wapi jamani?" Kitinda alipumua kwa nguvu, akaenda. Akachuchumaa, akaanza kumkunjia mama wa watu magauni.

Kabla ya kuingia ndani alirudi mara moja. Hakumkumbatia. "Mama akiuliza," alisema, "nitamwambia nyumba ni nzuri. Ila mapazia tu hayakai vizuri." Akageuka, begi begani, akamezwa na mlango.

Ofisini Meneja alikuwa ameshaandika taarifa kwa ubalozi. Dada aliisoma, ilikuwa ya haki, jina lake lilitajwa mara tatu. Barua ya kibali hakunyimwa. Aliandikiwa ya miezi mitatu badala ya mwaka.

"Halafu tutaona," Meneja alisema. "Kuna bendi ya matarumbeta inakuja, watu arobaini na mmoja. Wapange wewe. Nataka nikuone unavyowapanga."

Siku kumi baadaye, mchana, namba asiyoijua ikapiga.

"Mwanangu," sauti ilisema. Aliitambua kwa neno hilo moja. "Usikate. Niko salama. Nisamehe."

Meneja alikuwa amekaa ukingoni mwa meza ya pili, anakula tufaha.

"Nimestaafu, mke nimemzika, nyumba ni ya shule wameichukua," Mwalimu aliendelea, haraka haraka. "Nikasema wengine wote nitawarudisha, mimi mmoja wanisamehe. Sikujua kama ungeumia wewe. Au nilijua, sikutaka kufikiri. Mwanangu, nimeishiwa pa kuuliza. Unajua kazi yoyote wanayochukua mzee?"

"Umekosea namba," Dada alisema, akakata.

"Nani?" Meneja aliuliza.

"Wamekosea."

Alirudi kwenye matarumbeta. Aliandika siku ya kwanza, ya pili. Alikuwa anabonyeza herufi mbili mbili, anafuta. Ilipofika saa saba alichukua koti, akatoka, akapita mitaa mitatu mpaka kwenye kituo cha basi kisichokuwa na mtu, akaipigia ile namba. Alipanga kumtukana. Alikuwa na maneno ya siku kumi.

Mwalimu alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, akasubiri, na katika ule ukimya Dada alimsikia anapumua kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Kuna dobi nyuma ya hospitali kuu," Dada alisema. "Wanafua mashuka. Hawaulizi makaratasi. Nenda asubuhi, mwulize msimamizi wa zamu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Mimi sasa hivi nimejibanza kwa—"

"Usiniambie unalala wapi," Dada alimkata. "Nitakapoulizwa nataka nisijue."

Akaifuta namba. Alibaki na dakika ishirini za mapumziko. Alikaa kwenye benchi la kituo, basi likaja, likafungua mlango, dereva akamtazama kama anapanda. Akatikisa kichwa. Mlango ukajifunga, basi likaondoka, naye akanyanyuka kurudi kazini.